Umeshika uvimbe kwenye titi: mamogramu, ultrasaundi, MRI au sindano?

Wifi yangu aliushika uvimbe wake alfajiri, akijipaka sabuni kabla ya kwenda kazini. Titi la kulia, upande wa nje, karibu na kwapa. Ulikuwa mdogo kama punje ya harage, mgumu, hauumi. Alikuwa na miaka 36 na watoto wawili. Nyumbani tukafanya tunachojua kufanya, tukachangishana. Kila mtu alitaja kipimo kimoja tu, mamogramu, maana ndicho tunachokisikia redioni kila ikifika Oktoba. Akaenda hospitali moja mjini, akapigwa picha, akarudi na bahasha yenye karatasi iliyosema hakuna dalili ya kutilia shaka. Mama akachinja kuku.

Uvimbe ukabaki palepale. Miezi minne baadaye alimpeleka mdogo wake wa mwisho kliniki, akamwambia muuguzi kwa kupitia tu kwamba bado anaushika. Muuguzi akampapasa, akauliza swali moja: "Ultrasaundi ulipiga?" Hakuwa amepiga. Alipopigwa, kilichofichwa na picha ya kwanza kilionekana ndani ya dakika moja. Akachomwa sindano ya kuchukua kinyama cha kupimwa, majibu yakaja: saratani. Leo amemaliza matibabu na anaendelea na vidonge vyake, tunamshukuru Mungu. Lakini ile miezi minne bado inaniuma, kwa sababu haikuliwa na mganga wala na kukosa nauli. Iliondoka na kipimo kizuri kilichotumika peke yake, kwa mtu ambaye alihitaji kuanza na kingine.

Ndiyo maana nalinganisha vipimo hivi kwa ajili ya mtu mmoja: mwanamke (au mwanamume, maana nao hupata) ambaye tayari ameshika kitu kwenye titi na anajiuliza pesa aliyonayo aanze nayo wapi.

Kuna kutafuta na kuna kufuatilia

Watu wengi huchanganya mambo mawili. Kuna kupimwa ukiwa mzima, huna dalili yoyote, ili kama kuna kitu kinachonyemelea kinaswe mapema. Na kuna kupimwa kwa sababu umeshika uvimbe, au chuchu imezama ndani, au inatoa damu, au ngozi imebonyea kama ganda la chungwa. Ushauri kama ule wa jopo la kitaifa la Marekani uliotolewa mwaka 2024, kwamba wanawake wa miaka 40 hadi 74 wapige mamogramu kila baada ya miaka miwili, unawahusu wale wa kundi la kwanza. Ukishashika uvimbe umetoka kundi hilo. Husubiri umri wala Oktoba, na hata kama ulipigwa picha miezi sita iliyopita ikawa safi, uvimbe mpya unaanza hesabu upya.

Nitazungumza pia kuhusu usahihi, na neno hilo lina pande mbili. Upande wa kwanza: wachukue wanawake 100 ambao kweli wana saratani, kipimo kitawanasa wangapi? Upande wa pili: wachukue 100 ambao hawana, kitawashtua wangapi bure? Kipimo kinachonasa kila kitu huku kikiwashtua wazima kwa wingi kina gharama yake, kwa kuwa kila aliyeshtuliwa atalipia nauli, sindano na usiku kadhaa wa kukosa usingizi.

Mamogramu: inaona chokaa, inapotea kwenye weupe

Mamogramu ni eksirei ya titi. Unasimama mbele ya mashine kifua wazi, titi linawekwa juu ya bamba, na bamba jingine la plastiki linashuka kulibana kwa sekunde chache. Kila titi linapigwa picha mbili, moja kutoka juu na moja ya mshazari inayofika hadi kwapani. Kubanwa huko kuna wanaokuona si kitu na kuna wanaotokwa machozi. Hakufanywi kwa ukatili: titi likitandazwa, tishu hazilaliani, picha haitikisiki na mionzi inayohitajika inapungua. Ukiweza, nenda wiki inayofuata baada ya hedhi, matiti yakiwa hayajajaa. Na siku hiyo usipake poda wala dawa ya kwapa, kwa sababu chembe zake huonekana kwenye picha kama vidoti vyeupe, mtaalamu akabaki anajiuliza kama ni ugonjwa.

Vidoti hivyo ndivyo vinavyoipa mamogramu heshima yake. Saratani nyingi zinapoanza, zikiwa bado ndani ya mirija ya maziwa na hakuna kidole kinachoweza kuzigusa, huacha chembechembe za chokaa ndogo kama punje za chumvi. Mamogramu huziona. Ultrasaundi mara nyingi hupita juu yake bila kujua. Tena mamogramu ndiyo picha pekee ambayo majaribio makubwa ya miaka mingi yameonyesha kwamba inapunguza vifo kwa wanawake wanaopimwa wakiwa hawana dalili.

Udhaifu wake uko kwenye rangi. Kwenye eksirei, mafuta ya titi hutoka meusi na tishu zinazotengeneza maziwa hutoka nyeupe. Saratani nayo hutoka nyeupe. Kwenye titi lenye mafuta mengi, doa jeupe linajitokeza waziwazi. Kwenye titi lililojaa tishu, kulitafuta doa hilo ni kama kutafuta chicha ndani ya tui. Na wanawake wenye umri mdogo, pamoja na wengi wembamba, ndio wenye matiti ya aina hiyo. Huwezi kujua kwa kujishika. Titi gumu au laini mkononi si lazima liwe hivyo kwenye picha. Ripoti nzuri huandika, kwa herufi A hadi D, D likiwa titi lililojaa tishu kupita yote.

Takwimu zilizokusanywa Marekani kwenye vituo vingi vya upimaji zinaonyesha kwamba mamogramu za kidijitali hunasa karibu saratani 87 kati ya 100. Ni kiwango kizuri, lakini ni wastani. Utafiti mwingine wa huko, uliochapishwa mwaka 2003 enzi za picha za filamu, uliwagawa wanawake kwa aina ya titi: kwenye matiti yaliyojaa mafuta zilinaswa 87 kati ya 100, na kwenye yale yaliyojaa tishu kupita yote zikanaswa karibu 63. Mashine za kidijitali zimelipunguza pengo hilo bila kuliziba. Wapo waliopona kwa sababu ya mamogramu, na wapo kama wifi yangu, waliorudishwa nyumbani nayo.

Kuhusu mionzi: picha zote nne kwa pamoja hutoa takribani milisivati 0.4, sawa na mionzi ya asili ambayo kila mtu huipata kutoka ardhini na angani kwa wiki saba hivi. Kwa mtu mwenye uvimbe, hiyo si sababu ya kukataa kipimo.

Ultrasaundi: inajibu swali la kidole chako

Hii ni ileile ya mama wajawazito, isipokuwa kifaa kinachopitishwa juu ya ngozi ni cha aina nyingine, kilicho bapa na chenye mawimbi mafupi yanayoonyesha vizuri vitu vilivyo karibu na ngozi. Unalala chali, mkono juu ya kichwa, unapakwa mafuta mazito ya baridi, na mpimaji anakuomba umwonyeshe kwa kidole mahali unaposhika. Hapo ndipo ninapoipenda. Mamogramu hupiga titi zima bila kukuuliza chochote, ila ultrasaundi huanza na kidole chako.

Kazi yake kubwa ya kwanza ni kutenganisha maji na nyama. Kifuko cha maji, ambacho wanawake wa miaka 35 hadi 50 hukipata sana, hutokea cheusi tii, ukingo laini, na nyuma yake kunang'aa. Kikiwa hivyo kabisa, mambo yameisha; hakuna haja ya sindano isipokuwa kama kinakuuma na unataka kinyonywe.

Kama ni nyama, mpimaji huangalia umbo. Nilisimama nyuma ya kiti siku ya wifi, na daktari, Mungu ambariki, alitueleza kwa maneno ya kawaida. Uvimbe usio na ubaya, kama ule wa wasichana unaoteleza chini ya vidole, huwa na umbo la yai na unalala kufuata ngozi: mpana kuliko urefu wake, na kingo zake laini. Uvimbe wa kutilia shaka husimama. Unaelekea chini, ukikata tabaka za titi badala ya kulala katikati yake, una kingo zenye miiba au pembe, na mara nyingi nyuma yake kuna kivuli cheusi kama cha nguzo. Wa wifi ulikuwa umesimama. Hata mimi ambaye sijui kitu niliuona.

Udhaifu wa ultrasaundi ni mkono. Mamogramu ikishapigwa, picha ileile inaweza kusomwa Dar es Salaam na kusomwa tena Nairobi. Ultrasaundi huona pale tu kifaa kilipopita, na mpimaji anayepiga mimba siku nzima anaweza kuwa hajapiga matiti hata kumi mwaka mzima. Usione haya kumwuliza: "Matiti huwa unapima?" Udhaifu wa pili nimeshautaja, kutoona chembe za chokaa. Wa tatu ni kushtua. Huko Japani walifanya jaribio kubwa, matokeo yakatoka mwaka 2016, la wanawake karibu 73,000 wa miaka 40 hadi 49 wasio na dalili. Waliopigwa mamogramu pekee, saratani 77 kati ya 100 zilinaswa. Walioongezewa ultrasaundi, zilinaswa 91. Lakini kati ya kila wanawake 100 wasio na saratani, walioshtuliwa bure waliongezeka kutoka karibu 9 hadi 12.

Zikiwekwa uso kwa uso, umri ndio unaoamua

Kwa mtu aliyeshika uvimbe, kuna utafiti mmoja kutoka Seattle, Marekani, uliochapishwa mwaka 2012, ambao ningependa kila daktari wa wilaya aujue. Walifuatilia wanawake wa miaka 30 hadi 39 waliokuja na dalili mahali maalumu pa titi, matukio 1,208. Saratani zilizopatikana ni 23. Ultrasaundi ilinasa 22. Mamogramu ilinasa 14. Ni saratani chache, nakubali, lakini tofauti ya 22 na 14 inatosha kukuambia ukiwa na miaka 36 uanzie wapi.

Mwongozo wa wataalamu wa picha wa Marekani unakwenda hivi. Chini ya miaka 30, ultrasaundi kwanza, na mara nyingi inatosha. Kati ya 30 na 39, unaweza kuanza na yoyote. Mimi, kwa niliyoyaona na kwa hesabu hizo za Seattle, nasema anza na ultrasaundi, na mamogramu ifuate kama kuna kilichoonekana au kama daktari anaona shaka. Miaka 40 na kuendelea, mamogramu kwanza, halafu ultrasaundi ya mahali hapohapo. Soma sentensi hiyo mara mbili: kwa mwenye uvimbe wa miaka 40 na zaidi, ni zote mbili. Mamogramu ikionekana safi, ultrasaundi bado inadaiwa. Hali pekee inayoifuta ni kama mamogramu yenyewe imeonyesha wazi kwamba kilichopo hapo hakina ubaya.

Mjamzito na anayenyonyesha waanze na ultrasaundi. Hawa nawaonea huruma kuliko wote, kwa sababu kila uvimbe wao huitwa maziwa yaliyoganda. Mengi ni maziwa kweli, au jipu. Lakini bonge la maziwa huisha kwa kunyonyesha na kukanda, na jipu huisha kwa dawa na kutolewa usaha. Ukiambiwa "ni maziwa" na wiki mbili zimepita uvimbe haujasogea, rudi. Huna haja ya kumwachisha mtoto ili upimwe. Pia kuna kifua kikuu cha titi, na uvimbe wa namna ya jipu sugu usiotokana na usaha wa kawaida, ambavyo kwenye picha vinaweza kufanana na saratani kabisa. Hapo picha zote hufika mwisho wa uwezo wake.

Zote mbili zikitoka safi, utulie kiasi gani? Tafiti zilizofuatilia wanawake wenye uvimbe ambao mamogramu na ultrasaundi zao hazikuonyesha kitu zimekuta kwamba zaidi ya 97 kati ya 100 hawakuwa na saratani. Hiyo ni faraja ya kweli, na hutaipata kwa picha moja. Bado wanabaki wale wachache. Kama uvimbe ni mgumu, hauchezi, au unakua, daktari anayeupapasa ana haki ya kuomba sindano hata picha zikiwa safi, na wewe una haki ya kumwomba aombe.

Swali la umbali

Mashine za mamogramu ziko kwenye hospitali kubwa za mijini. Ultrasaundi imefika wilayani, na vituo vya afya vingi vinayo. Bei nazo zinafuata mkondo huohuo: ultrasaundi ni nafuu, mamogramu inafuata, MRI iko mbali kabisa. Kwa hiyo mwanamke wa Sumbawanga, Turkana au Kigoma mwenye uvimbe akiambiwa "nenda kapige mamogramu", anaweza kukaa miezi mitatu akitafuta nauli, ilhali ultrasaundi iko kilomita tano kutoka kwake.

Rwanda walilitazama jambo hili kwa akili. Pale Butaro, wilaya ya Burera, kilipofunguliwa kituo cha saratani mwaka 2012, hawakungoja kila kijiji kipate daktari bingwa wa picha. Madaktari wa kawaida na wauguzi walifundishwa kupima uvimbe wa titi kwa ultrasaundi, kutenganisha wa kuachwa na wa kuchomwa sindano. Naamini kwa nchi zetu njia hiyo ingeokoa wanawake wengi kuliko kununua mashine mpya ya mamogramu kwa ajili ya kukata utepe.

Shirika la Afya Duniani, katika mpango wake wa saratani ya matiti wa mwaka 2021, limeweka lengo kwamba tangu siku mwanamke anapofika kituoni na uvimbe wake hadi majibu kamili, zisizidi siku 60. Andika tarehe uliyofika mara ya kwanza. Ikipita mwezi na nusu bado unazungushwa, taja tarehe hiyo kwa sauti.

MRI kwa kifupi

MRI ya titi hutumia sumaku na dawa ya kung'arisha inayopitia mshipani. Unalala kifudifudi, matiti yakining'inia kwenye matundu mawili, ndani ya mashine yenye kelele, zaidi ya nusu saa. Kwa kunasa haina mpinzani: hunasa zaidi ya saratani 90 kati ya 100, pamoja na zile zinazotambaa kwenye tishu bila kufanya bonge, ambazo mamogramu huzikosa sana. Uholanzi waliwaalika kupiga MRI wanawake wa miaka 50 hadi 75 wenye matiti ya kundi D ambao mamogramu zao zilikuwa safi. Matokeo yalitoka mwaka 2019. Saratani zilizochomoza kabla ya kipimo kilichofuata zilishuka kutoka 5 hadi 2.5 kwa kila wanawake 1,000.

Ila inashtua sana, na si kipimo cha kuanza nacho ukiwa na uvimbe unaoshikika. Inawafaa waliorithi vinasaba vya hatari, ambao mama, dada na shangazi waliugua wakiwa vijana; wenye matiti ya kundi D wenye uwezo; na aliyekwisha kukutwa na saratani ambaye daktari wa upasuaji anataka kujua imeenea kiasi gani. Mjamzito hapewi ile dawa, na mwenye figo mbovu aseme mapema. Mtu akikwambia uuze ng'ombe ukapige MRI kwa ajili ya kivimbe ambacho hakijawahi kupigwa hata ultrasaundi, mwombe akueleze kwa nini.

Sindano

Hapa ndipo watu wetu wengi wanapokimbia. Tumelelewa na maneno kwamba saratani haitaki kuguswa na chuma, ukiichokoza inasambaa. Nimemsikia msomi mwenye shahada akiyasema. Sababu yake ninaielewa: wengi wetu tumeona mtu akichomwa sindano leo na kufa baada ya miezi michache. Lakini huyo alichomwa akiwa amechelewa, na sindano ikabebeshwa lawama ya mwaka mzima wa kukaa nyumbani. Kuchukua kinyama hakuharakishi saratani. Na bila kinyama hakuna hospitali ya saratani, iwe Ocean Road, Bugando au Kenyatta, itakayokuanzishia matibabu kwa picha peke yake.

Sindano ziko mbili na hazilingani. Ya kwanza ni nyembamba, kama ya kutoa damu, inanyonya chembe chache ambazo zinapakwa kwenye kioo. Ni rahisi, majibu hutoka haraka, na kwa kifuko cha maji au tezi la kwapani inafaa. Ila inategemea sana mkono wa mchomaji na jicho la msomaji, na mara nyingi haiwezi kusema kama saratani imeshaanza kuvamia tishu za jirani. Ya pili ni nene kidogo. Unapigwa ganzi, ngozi inachanjwa tundu dogo, sindano inaingizwa huku daktari akiitazama kwenye ultrasaundi, halafu inafyatuka. Mlio wake ni kama wa stepla ya ofisini, na ni vizuri waambie waufyatue kwanza hewani uusikie, maana wengi hushtuka na mlio kuliko maumivu. Inatoa vipande vyembamba kama tambi, kadhaa, vinaingia kwenye kichupa cha formalini. Ikiongozwa na ultrasaundi, hii hukosea mara chache sana. Tena kwenye vipande hivyo ndipo hupimwa kama saratani inalishwa na homoni na kama ina protini ya HER2, mambo yanayoamua utapewa dawa gani. Ukipewa nafasi ya kuchagua, chagua hii ya pili.

Kichupa kile, tafadhali, kitazame kabla hakijaondoka. Jina lako, namba yako, titi la kulia au la kushoto. Hospitali nyingi za kwetu humkabidhi mgonjwa mwenyewe akipeleke maabara. Kipeleke siku hiyohiyo, uliza majibu yatatoka lini, chukua namba ya simu ya maabara.

Namba iliyo chini ya ripoti

Ripoti ya picha ya titi huishia na maneno BI-RADS na namba. Watu huisoma 3 wakadhani ni hatua ya tatu ya saratani, wakalia njia nzima. Siyo hatua. 0 maana yake picha haijakamilika, kuna nyingine inatakiwa. Si majibu, usikae nayo nyumbani. 1 hakuna kitu. 2 kuna kitu lakini hakina ubaya. 3 inaelekea hakina ubaya, uwezekano wa saratani hauzidi 2 kati ya 100, na unarudi baada ya miezi sita. 4 ni shaka, na ni pana mno, kuanzia 2 hadi 95 kati ya 100, ndiyo maana hugawanywa 4A, 4B na 4C. 5 ni zaidi ya 95. Kwa 4 na 5, sindano. 6 ni aliyekwisha kuthibitishwa. Sasa, BI-RADS 1 kwa mwenye uvimbe unaoshikika inamaanisha tu kwamba picha hiyo haikuona kitu. Ndiyo namba aliyokuja nayo wifi ile siku ya kuku.

Vya kutolipia

Kuna mashine za "kupima mwili mzima" unazoshika chuma mkononi na kompyuta inakutolea kurasa za magonjwa. Hazina uwezo wa kuona uvimbe wa titi, zinaweza kukuambia uko salama ukiwa mgonjwa, na anayekupima huwa na virutubisho vya kukuuzia palepale. Kamera za joto nazo, mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, imeonya kwamba haziwezi kushika nafasi ya mamogramu. Kipimo cha damu cha CA 15-3 kinatumika kumfuatilia aliyekwisha kujulikana ana saratani. Mtu mwenye saratani changa anaweza kukitoa safi. Pesa hiyo, hata ikiwa kidogo, iweke kwenye ultrasaundi.

Ukiingia kwa daktari na bahasha yako, mwekee kidole juu ya uvimbe, umwulize: "Hiki ninachokishika hapa, kwenye picha umekiona?" Akijibu ndiyo, muulize kinafananaje na kama kinahitaji kuchukuliwa kinyama. Akijibu hapana, muulize ni kipimo gani kinachofuata, na lini.